Tableti Haikuwa na Mahali pa Giza

Kuna mama mmoja wa Pipeline, Embakasi, aliyeniuliza swali ambalo sijalimaliza hadi leo. Tulikuwa kwake saa saba mchana, ghorofa ya tatu, na taa ilikuwa inawaka. Si uzembe. Ukizima taa kwenye chumba kile, hata jua likiwa utosini, utapapasa kama mtu aliyepoteza miwani. Dirisha linatazama ukuta wa jengo la jirani, na kati ya dirisha na ukuta mtu mnene hapiti. Kama umewahi kuishi Pipeline unajua ninachosema. Kama hujawahi, pita siku moja uangalie juu. Mbingu huko ni kamba nyembamba.

Mimi nilikuwa na tableti mkononi na beji shingoni. Kazi ya wiki tatu, kukusanya data za hali ya maisha ya watu mjini, na malipo yake yalikuwa tayari na mwenyewe, yaani landilodi wangu. Nikaanza maswali. Kuta zimejengwa kwa nini? Mawe. Sakafu? Simiti. Maji mnapata wapi? Mfereji uko chini, kwa ploti. Choo? Cha kumwaga maji, tunatumia na majirani wa hii flooro. Stima? Si unaiona? Mnaishi wangapi? Mimi na watoto wawili. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Ikafika mwisho, nikamshukuru.

Akanitazama. "Umemaliza? Na hii giza huandiki?"

Nikamwambia, "Mama, hapa hakuna swali la giza."

"Sasa hiyo kitu yako inajua nyumba gani? Mimi hapa nanunua jua kwa tokeni, kijana wangu. Nguo hazikauki. Huyu mdogo anakohoa mwaka mzima. Halafu wewe unaandika niko na stima."

Jioni nikampigia msimamizi wetu. Nikamwambia tumesahau kitu kikubwa, tuongeze swali moja tu, kama nyumba inapata mwanga wa jua. Hakunikasirikia. Alinieleza polepole, kama mtu aliyeshaeleza jambo hilo mara nyingi. Maswali haya haya yanaulizwa kwenye miji mingine. Wewe ukiongeza giza, mwenzako wa mji mwingine ataongeza mafuriko, wa tatu ataongeza kelele za baa. Mwisho tutakuwa na hadithi nzuri sana ambazo haziwezi kujumlishwa. Chagua jibu lililo karibu zaidi, uendelee.

Nilichukia jibu lile. Shida ni kwamba lilikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo maana naandika haya. Mama alikuwa sawa na msimamizi alikuwa sawa, na sikujua mtu afanye nini akisimama katikati yao.

Tuanze na upande wa msimamizi, kwa sababu sisi watu wa hadithi na mashairi huwa tunaudharau haraka. Kulinganisha miji ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Swali la kwanza kabisa, jiji ni nini? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Lakini hiyo ni Nairobi ya kaunti, yenye mpaka kwenye ramani. Yule jamaa anayeamka saa kumi alfajiri Rongai, anapanda matatu, anafanya kazi mjini mchana kutwa, anakula mjini, anaibiwa simu mjini, halafu anarudi kulala Kajiado, huyo ni wa wapi? Kwenye utani wetu Rongai ni nchi nyingine na inahitaji pasipoti. Kwenye takwimu utani huo ni kweli. Weka Ruaka, Kitengela, Kikuyu na Ruiru, na utaona kwamba jiji tunaloliishi si jiji linalohesabiwa. Paris nayo ni hivyo hivyo. Jiji lenyewe lina watu kama milioni mbili, lakini ukihesabu na vitongoji vyake unapita milioni kumi. Ukilinganisha Paris ndogo na Nairobi kubwa, au Nairobi ndogo na Paris kubwa, umelinganisha mipaka tu. Watu hujawagusa.

Ndiyo sababu Machi 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikubali njia moja ya kusema jiji ni nini bila kujali mpaka wa serikali yoyote. Unaigawa dunia kwa miraba ya kilomita moja kwa moja. Miraba inayopakana, yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja, na kwa jumla watu wasiopungua 50,000, hilo ni jiji. Haijali gavana ni nani. Ni kipimo kikavu kabisa, na ukavu wake ndio faida yake.

Ukikubali mipaka, unaingia kwenye vitu vyenyewe. Wanaopima maji duniani wanasema, ukienda kuchota maji kwenye chanzo kilicho salama na kurudi, pamoja na foleni, isipite dakika 30. Ikipita, unashuka daraja. Choo kizuri mnachotumia na nyumba nyingine hakipati alama sawa na kile kile kikiwa chako peke yako. Kuhusu usafiri, malengo ya maendeleo endelevu yanauliza kama unaishi ndani ya mita 500 kutoka kituo cha basi, au kilomita moja kama ni treni au usafiri mwingine mkubwa.

Sasa simama na hiyo ya mita 500. Mkaazi wa Nairobi akiisoma anacheka. Steji iko hapo chini, mita 200, tena nyingine mita 300. Tumefaulu! Lakini hakuna aliyeuliza nauli ni ngapi mvua ikinyesha. Hakuna aliyeuliza kama msichana anaweza kusimama pale steji saa tatu usiku bila kushikwa mkono na watu asiowajua. Wala hakuna aliyeuliza kuhusu wale wanaotembea kutoka Mukuru hadi viwandani na kurudi kila siku, huku matatu zikiwapita, kwa sababu nauli ni mboga ya jioni. Kwa kipimo, usafiri wanao. Kwa miguu yao, hawana.

Kwa hiyo unaona vile kipimo kinafanya kazi. Kinachukua maisha yako, kinayachuja, kinabakisha kile kinachofanana na maisha ya mtu wa Lagos, Dhaka na Lima. Kinachobaki ni cha kweli, ila ni kidogo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na takwimu inahesabu vitanda.

Kuna aina nyingine ya kulinganisha ambayo huwa inatufikia zaidi kwenye simu zetu. Kila mwaka zinatoka orodha za miji bora ya kuishi. Vienna imekaa kileleni mara nyingi, halafu Copenhagen ikachukua nafasi mwaka 2025 kwenye orodha ya kitengo cha utafiti cha jarida la The Economist. Sisi tunatafuta Nairobi ni ya ngapi, tunakasirika au tunachekelea, tunagombana na Watanzania kuhusu Dar, tunaenda kulala. Lakini wachache wanauliza orodha hizo zilitengenezwa kwa ajili ya nani. Hizi kubwa, ile ya Economist na ile ya Mercer, zina matumizi moja ya wazi: kampuni ikimtuma mfanyakazi wake nje, ijue imuongezee kiasi gani kwa ugumu wa maisha ya huko. Wanapima usalama, hospitali, shule, barabara, utamaduni, hata hali ya hewa. Kwa mtu huyo ni maswali mazuri. Ila ni maswali kuhusu maisha ya mgeni aliyelipiwa nyumba. Mama wa Pipeline hayumo. Jiji linaweza kupanda ngazi tatu kwenye orodha hiyo na yeye bado ananunua jua kwa tokeni.

Hapa watu wengi ninaowaheshimu huishia kusema: basi tuachane na huu upuzi. Maisha hayalinganishwi. Binadamu si namba. Kila mji una roho yake.

Nami niliwahi kuwa hapo. Nilitoka hapo baada ya kujiuliza ni nani hasa anayependa kusikia kwamba maisha hayalinganishwi. Landilodi anapenda. Ukimwambia mbona jengo la pili lina maji kila siku, atakwambia usilinganishe. Serikali inapenda. Ukiiuliza mbona mtaa ule una taa za barabarani na huu hauna, itakwambia kila eneo lina changamoto zake. "Hapa kwetu mambo ni tofauti" ni sentensi tamu sana mdomoni mwa mtu ambaye hataki kuulizwa. Anayekataza kulinganisha, mara nyingi ndiye aliye upande mzuri wa mizani.

Acha nikupe mfano ulionibadilisha. Miaka mingi iliaminika hapa kwetu kwamba mtoto anayezaliwa mjini ana bahati kuliko wa mashambani. Na takwimu zilikubali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wastani wa Nairobi ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, kama 62 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mashambani ilikuwa 113. Mjini mambo poa, sivyo? Kisha mwaka 2000 kituo cha utafiti cha APHRC, ambacho makao yake ni hapa hapa Nairobi, kikaenda mitaa ya mabanda peke yake. Hakikubuni maswali mapya. Kilichukua mfano wa maswali yale yale yaliyotumika kwenye utafiti wa kitaifa wa afya, kikawauliza akina mama wa mabandani. Jibu lilikuwa 151.

Soma tena. Mtoto wa kibanda cha Nairobi, anayeona maghorofa ya mjini kutoka mlangoni kwao, alikuwa na nafasi ndogo ya kuishi kuliko mtoto wa kijijini asiyewahi kuona lami. Na wastani wa jiji ulikuwa umemficha. Watoto wa mitaa yenye miti na lango walimfunika, kama vile sufuria ya wali inavyofunika kile kilichoungua chini.

Ni nini kilichomfichua? Hadithi za mabandani zilikuwepo siku zote, na mama waliozika watoto walikuwa wamelia siku zote. Kilichomfichua ni maswali makavu, yale yale, yaliyoulizwa kwa njia ile ile. Kama watafiti wale wangeandika maswali yao wenyewe, matamu, yanayogusa roho ya mtaa, mtu wa wizarani angesema: sawa, lakini hii huwezi kulinganisha na zetu. Angefunga faili. Kwa kuwa maswali yalikuwa ndugu, hakuwa na pa kukimbilia.

Hapo ndipo nilipomwelewa msimamizi wangu. Kumuuliza mama wa Korogocho swali lile lile unalomuuliza mama wa Lavington ni kusema kwamba mtoto wa huyu na mtoto wa yule wana uzito mmoja. Huo ni usawa, hata kama umevaa nguo za karani. Kumbe kuna heshima ndani ya fomu.

Lakini usidhani nimemaliza. Namba inayoweza kumtetea maskini inaweza pia kumuuza. Mfano ni Kibera. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa kuna watu milioni moja pale, na wengine waliongeza. Kila ombi la msaada, kila makala, kila mtalii na kamera yake, milioni. Sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Makadirio mengine yaliyofanywa kwa njia tofauti yalitoa namba kubwa kuliko hiyo ya sensa, lakini hakuna iliyokaribia milioni.

Waliotaja milioni wengi wao hawakuwa watu wabaya. Walifikiri namba kubwa italeta huruma kubwa. Lakini angalia walichofanya. Walimfanya mtu wa Kibera kuwa wa kuhurumiwa kwa jumla, kama gunia. Na siku namba iliposhuka, kukawa na watu waliosema: kumbe haikuwa mbaya hivyo. Kana kwamba watu laki moja na sabini elfu wakikosa choo si tatizo, mpaka wafike milioni. Uongo wa huruma ulimwachia mnyonge deni la kulipa. Ndiyo maana naamini kumhesabu mtu vibaya ni kumkosea, hata ukimzidisha. Hasa ukimzidisha, kwa sababu hawezi kulalamika bila kuonekana hana shukrani.

Amartya Sen, mchumi aliyezaliwa India, amesimulia kwamba rafiki yake Mahbub ul Haq wa Pakistan alipotaka kuunda kipimo kimoja cha maendeleo ya binadamu, kile kilichotoka mwaka 1990, yeye Sen alisita. Aliona ni ushamba kubana maisha ya watu kwenye namba moja. Haq alimjibu kwamba anataka kipimo kisicho na madoido, cha kishamba sawa na kile cha pato la taifa, ila kisiwe kipofu kama hicho. Sen alikuja kukubali. Mimi naipenda hadithi hiyo kwa sababu hakuna aliyejifanya. Walijua namba ni chombo butu. Waliuliza tu, butu kwa faida ya nani?

Swali hilo ndilo naona la maadili kabisa. Jibu lake bora sikulipata kwenye orodha za dunia. Nililipata Mukuru. Watu wa Muungano wa Wanavijiji, pamoja na vyuo vikuu na mashirika mengine, walikusanya data za mtaa wao wenyewe: maji, stima, kodi, vyoo. Wakaziweka kando ya zile za mitaa ya waliojaliwa. Wakaonyesha kwamba mtu wa Mukuru, kwa kila lita, analipa maji ghali kuliko mtu mwenye bomba rasmi nyumbani. Maskini analipa zaidi, anapata kidogo zaidi. Kila mtu wa mtungi alijua hivyo. Lakini sasa ilikuwa imeandikwa, tena kwa kipimo ambacho ofisi ya kaunti yenyewe inakitumia. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na baadaye zikaja barabara na mabomba ya maji.

Nikuambie ukweli wote. Mwishoni mwa 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila nyumba. Walikuwa wamehesabiwa vizuri sana. Kuhesabiwa hakukuwafunika na mabati yao. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba data ni kinga. Data ni ushahidi tu, na ushahidi unahitaji mtu wa kuubeba na mahakama yenye masikio.

Hata hivyo tofauti kati ya kazi ya Mukuru na kazi yangu ya Pipeline iko wazi. Wao walijua ni nini wanataka kulinganisha na kwa nini. Maswali yalikuwa na ukavu wa kutosha kusafiri hadi ofisini, lakini waliochagua maswali walikuwa wamelala kwenye kitanda. Mimi nilibeba maswali yaliyochaguliwa na watu ambao hawatawahi kupanda ngazi zile, nikaondoka na majibu, na mama hakuwahi kuambiwa yalifika wapi. Nilichukua saa nzima ya siku yake. Alinipa chai. Kwa tafsiri yoyote ya adabu ya hapa kwetu, mgeni akipewa chai hubakiwa na deni.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama ni haki kulinganisha maisha ya watu wa miji, nasema ndiyo, ni haki, na kuna siku ni lazima. Lakini haki hiyo ina bei. Maswali ya pamoja yabaki ya pamoja, nisiyachezee kwa sababu nimeguswa. Kando yake wenyeji wapewe nafasi ya maswali yao machache, hata kama hayajumlishiki na ya Accra, kwa sababu swali la kienyeji la leo ndilo swali la dunia la kesho. Kuna siku hakuna aliyehesabu choo pia. Na namba irudi. Irudi kwa ploti, ibandikwe pale keateka anapobandika notisi za kodi, ili mtu asome: sisi tuko hapa, wale wako pale, hii ndiyo tofauti.

Mwaka uliofuata nilipita tena Pipeline, safari hii bila beji. Nilitaka tu kumwambia yule mama kwamba sikusahau. Jirani akasema alihama, hajui wapi. Chumba kilikuwa na mpangaji mwingine, kijana wa rika langu, mlango wazi, anaosha vyombo. Ilikuwa saa nane mchana. Taa ilikuwa inawaka.